Chembe ya moyo, gesi, kifua kizito: mgonjwa wa mshtuko wa moyo mara nyingi hakwambii kwamba ni moyo

Zamu ya Usiku (mleta uzi)

Wakuu, habari za muda huu. Uzi ni mrefu, naomba mnivumilie. Nimeuandika kwa ajili ya wahudumu wenzangu wa zahanati na vituo vya afya, na kwa yeyote anayeishi na mzazi mwenye presha au sukari.

Mimi ni tabibu, huu ni mwaka wa 11 kazini. Muda mwingi nimekaa kwenye kituo cha afya huko mkoani, usiku tunabaki wawili tu, mimi na nesi. Kuna mgonjwa mmoja sijamsahau. Nimebadilisha umri na mambo madogo madogo ili asijulikane.

Ilikuwa saa nane usiku. Aliletwa na bodaboda, wamepanda mshikaki, mama katikati, kijana wake nyuma amemshikilia. Miaka 58, ana presha, dawa anameza akikumbuka. Alishuka amekunja ngumi ya mkono wa kulia ameibandika pale mfupa wa kidari unapoishia. Nikamuuliza, mama unaumwa nini? "Chembe ya moyo, mwanangu. Na gesi, imenijaa mpaka hapa." Akagusa taya. Khanga aliyojifunga ilikuwa imelowa mgongoni. Nikadhani amenyeshewa. Nje kulikuwa kukavu, na mimi nilikuwa nimetoka nje dakika tano kabla.

Nikaandika vidonda vya tumbo. Nikampa omeprazo na dawa ya maji ya kutuliza asidi. Baada ya nusu saa akasema afadhali, nikamruhusu. Saa mbili asubuhi wakamrudisha anahema, hawezi kulala chali, presha 80 kwa 50. Hospitali ya rufaa walimpima umeme wa moyo, ukuta wa chini wa moyo ulikuwa umeshaumia vibaya. Alifariki siku ya tatu.

Mambo matatu yalikuwa mbele yangu: ngumi kifuani, maumivu yaliyofika kwenye taya, na jasho. Nikayaacha yote nikafuata neno moja alilolisema yeye, gesi. Hilo ndilo nataka tulizungumze hapa. Mgonjwa wetu hatumii maneno ya kitabuni. Ana maneno yake, na kila neno lina kabati lake la dawa. Akisema chembe ya moyo anapewa omeprazo. Akisema kichomi anapewa antibiotiki. Akisema mwili umechoka na kifua kinabana anapimwa malaria. Akisema bega, anachomwa diklofenaki. Hiyo diklofenaki nayo ni hatari kwa moyo wenye mshtuko, si dawa ya kubahatisha.

Kwa nini moyo uume tumboni au kwenye taya? Neva zinazoleta maumivu ya moyo zinaingia kwenye uti wa mgongo sehemu zilezile zinapoingia neva za kifua, bega na mkono. Ubongo unapokea taarifa lakini haujui imetoka mlango gani. Na ule ukuta wa chini wa moyo umelala juu ya kiwambo, ule msuli unaotenganisha kifua na tumbo, karibu kabisa na tumbo, ndiyo maana ukikosa damu mtu anapata kichefuchefu, anatapika, anashika chembe. Kupata nafuu baada ya dawa ya asidi hakuthibitishi chochote. Maumivu ya moyo yanapanda na kushuka yenyewe, na dawa yako imeangukia pale yalipokuwa yanashuka. Hata kidonge cha moyo cha kuweka chini ya ulimi ni hivyohivyo, kinaweza kutuliza maumivu yasiyo ya moyo.

Tangu siku ile nimebadilisha namna ya kuuliza. Ukimuuliza mtu mzima "unasikia maumivu?" wengi watakujibu hapana, kwa sababu wanachokisikia si maumivu. Ni uzito, ni kama amekaliwa kifuani, ni kama amefungwa kamba. Kwa hiyo nauliza: kinakufanyaje? Nionyeshe kwa mkono. Akionyesha kwa kidole kimoja, sehemu moja, na kinachoma akivuta pumzi, moyo unakuwa mbali kidogo, ingawa siuondoi kabisa, na hapo nimonia na bonge la damu kwenye mapafu yanasogea mbele. Akibandika kiganja kizima au ngumi, nasimama. Kisha nauliza kimeenda wapi: mkono wa kushoto, mikono yote miwili, bega la kulia, shingo, taya, mgongoni? Watu wanaujua mkono wa kushoto tu, lakini maumivu yanayokwenda mkono wa kulia au mikono yote miwili yanatutia wasiwasi kuliko hayo ya kushoto peke yake. Halafu namuuliza jana na juzi ilikuwaje akipanda kilima au akibeba ndoo ya maji. Wengi walishapata dalili wiki nzima, wakipumzika inaisha, wakaendelea na shughuli.

Na namgusa. Namshika paji la uso na shingo. Jasho jembamba la baridi kwa mtu aliyekaa kimya usiku si jambo la kupita.

Msidhani ni ugonjwa wa Wazungu au wa matajiri. Kule Moshi, hospitali ya KCMC, watafiti waliwafuatilia watu wazima waliofika idara ya dharura na maumivu ya kifua au kukosa pumzi, kati ya mwaka 2018 na 2019. Walikuwa 681. Wote wakapimwa umeme wa moyo na troponini (protini inayoingia kwenye damu msuli wa moyo ukiumia) kwa ajili ya utafiti, na 152 wakakutwa na mshtuko wa moyo. Zaidi ya mmoja kati ya kila watano! Wengi wa hao 152 walikuwa wanaume. Walio wengi hawakutambuliwa na madaktari waliokuwa wakiwahudumia, na zaidi ya theluthi moja walikuwa wamefariki ndani ya siku 30. Na hiyo ni hospitali ya rufaa ya kanda. Fikiria kwetu huku.

Karibuni tuchangie.

Mtoto wa Mwambao

Assalaam alaykum. Nawaandikia nikiwa Mombasa. Ndugu, umenigusa. Babangu ana sukari miaka 20 na zaidi. Alfajiri moja tulitoka kwenda msikitini, mwendo wa dakika tano, akawa asimama, aenda, asimama. Nikamuuliza baba vipi, akasema "pumzi zanikata tu." Hakushika kifua, hakulia maumivu hata kidogo. Tulimpeleka zahanati ya mtaani wakasema ni pumu, wakamvutisha dawa. Pumu, mtu wa miaka 71 ambaye hajawahi kuwa nayo! Siku ya pili ndipo tukampeleka hospitali kubwa, mashine ikaonyesha mshtuko. Alhamdulillahi yuko hai lakini moyo wake sasa hauna nguvu, ngazi za nyumbani zamshinda. Swali langu ni hili, yawezekanaje moyo ushtuke na mtu asisikie maumivu?

Zamu ya Usiku (mleta uzi)

Wa alaykum salaam kaka, pole sana kwa mzee. Inawezekana, na si nadra. Sukari ikikaa mwilini miaka mingi inaharibu neva, zikiwemo zile za moyo. Kama vile wagonjwa wa sukari wanavyokanyaga msumari bila kuusikia, ndivyo na moyo unavyoweza kuumia kimyakimya. Kinachobaki ni matokeo yake: moyo unashindwa kusukuma, damu inarudi nyuma kwenye mapafu, pumzi zinakatika. Wazee sana wako hivyohivyo, wengine wanakuja wamechanganyikiwa au wameanguka tu chooni. Wanawake wengi kifua kinawauma kama wanaume, ila mara nyingi zaidi wanakuja pia na uchovu usioelezeka, kichefuchefu, mgongo, na sisi tunachukua hayo ya pembeni tunaacha kifua.

Pumu inayoanza ghafla kwa mtu wa miaka 71 mwenye sukari, mimi siku hizi siiandiki mpaka nimeona umeme wa moyo.

Na niongeze kundi moja ambalo tunalisahau: watu wanaoishi na VVU. Hatari yao ya mshtuko wa moyo ni kubwa kuliko ya wenzao wa umri uleule. Mtu wa miaka 42 aliye kwenye dawa miaka mingi akilalamika kifua, tunakimbilia TB. TB ipimwe, na moyo upimwe.

Nesi wa Wodi

Asante tabibu kwa kusema ukweli wako hadharani. Naomba niongelee upande wetu manesi.

Mgonjwa wa kifua anatakiwa awe amepimwa ECG, yaani huo umeme wa moyo, na karatasi imesomwa ndani ya dakika 10 tangu aingie mlangoni. Dakika 10! Mahali pengi mgonjwa anaanza na kufungua faili, anapanga foleni ya malipo, anasubiri kuonana na daktari, ndipo anaandikiwa kipimo, anarudi kulipia. Mashine yenyewe imefungiwa ofisini kwa mfawidhi na ufunguo ameondoka nao. Tulipofanya kazi mimi na wenzangu kwenye idara moja tuliomba jambo moja tu: nesi wa mapokezi aruhusiwe kupima bila kusubiri kuandikiwa. Malipo baadaye. Lilipokubaliwa mambo yalibadilika kabisa.

La pili ni namna ya kupima. Naona wenzangu wengi wanabandika vibandiko vya kifuani, V1 na V2, juu mno, karibu na mfupa wa bega. Zinakaa nafasi ya nne ya mbavu, kulia na kushoto kwa mfupa wa kidari. Teremsha kidole kutoka kwenye kishimo cha shingo mpaka usikie kituta juu ya kidari, hapo pembeni ni ubavu wa pili, chini yake nafasi ya pili, ndipo uhesabu kushuka hadi ya nne. Ukikosea utapata mchoro unaodanganya. Kwa akina mama usione haya, mwambie "mama naomba nikusaidie kuinua titi," mfunike khanga, bandika chini ya titi, si juu yake. Na mgonjwa mwenye jasho mfute kwanza kwa gozi kavu, la sivyo vibandiko vinateleza na mistari inatetemeka, halafu mtu anasema mashine mbovu.

Mfamasia wa Kata

Mimi niko duka la dawa, wala si hospitali. Kwa siku naulizwa dawa ya gesi si chini ya mara kumi. Siwezi kumwambia kila mtu aende kupima moyo, watanikimbia. Nichuje vipi?

Zamu ya Usiku (mleta uzi)

Swali zuri sana hilo, kwa sababu wewe unawaona kabla yetu.

Muulize mteja, hata kama amesimama kaunta na watu wanasubiri: Imeanza lini, na ni mpya kwako? Inakuja ukitembea au ukifanya kazi, ikipungua ukipumzika? Inapanda kwenda shingoni, taya, mabega au mikononi? Unatoka jasho, kichefuchefu, au pumzi zinakata? Gesi ya kila siku anaijua mwenyewe, atakwambia "ileile yangu, nikila maharage." Mtu mwenye miaka 40 na kuendelea, au mwenye presha, sukari, au mvutaji sigara, akijibu ndiyo kwa mojawapo ya hayo matatu ya mwisho, usimuuzie dawa ya gesi akaondoka. Mkalishe. Muulize kama aspirini inamdhuru, kama anatapika damu au anapata choo cheusi kama lami. Kama hana hayo, mpe aspirini miligramu 300 aitafune, asiimeze nzima. Zile ndogo za miligramu 75 ni nne. Asitembee kwa miguu kwenda hospitali wala asiendeshe pikipiki mwenyewe. Atafutiwe bajaji au gari, na mtu wa kwenda naye.

Daktari wa Dharura

Nakubaliana na mengi, naomba nirekebishe na kuongeza machache.

Hiyo aspirini si kitu kidogo. Mwaka 1988 yalitoka matokeo ya utafiti uitwao ISIS-2, wagonjwa 17,187 wenye mshtuko wa moyo. Aspirini peke yake, miligramu 160 kwa siku kwa mwezi mmoja, ilipunguza vifo kwa karibu robo. Ikiunganishwa na dawa ya kuyeyusha bonge la damu, streptokinasi, vifo vilipungua kwa karibu asilimia 42. Kidonge cha bei ya pipi! Mgonjwa akikosa aspirini kwa sababu tu hatukuwaza moyo, hiyo ni hasara isiyo na sababu.

Ila kuna ugonjwa mmoja unaofanana na huu ambao aspirini inaweza kuudhuru, ni kuchanika kwa mshipa mkuu wa damu, aota. Maumivu yake yanakuja kwa kishindo, makali kuliko yote tangu sekunde ya kwanza, mtu anasema amehisi kitu kinachanika, yanakwenda mgongoni kati ya mabega. Kwa hiyo wahudumu, pimeni presha mikono yote miwili. Ikitofautiana zaidi ya 20, au mpigo wa mkono mmoja ni hafifu, mpigieni simu daktari kabla ya kutoa chochote. Kidonge cha chini ya ulimi nacho msikitoe presha ikiwa chini ya 90, au kwa mwanaume aliyetumia dawa za nguvu za kiume siku moja au mbili zilizopita, au kama upande wa kulia wa moyo umeguswa. Muulizeni waziwazi hilo la nguvu za kiume, mke akiwa nje.

Jambo ninalolikuta kila wiki kwenye rufaa ni karatasi ya ECG imeandikwa "kawaida," basi mgonjwa akaruhusiwa. ECG ya kwanza inaweza kuwa safi kabisa na mtu ana mshtuko. Kama bado anaumwa, rudia kila baada ya dakika 15 hadi 30 katika saa ya kwanza. Weka karatasi zote mbili mezani, moja juu ya nyingine, ulinganishe. Mara nyingi kinachokuonyesha ugonjwa ni badiliko. Ukiona kipande cha ST, yaani mstari unaofuata baada ya mwiba mrefu wa pigo, kimezama V1 hadi V3, hamisha waya upime mgongoni, V7 hadi V9, maana ukuta wa nyuma wa moyo unajificha huko. Ukiona ST imenyanyuka kwenye II, III na aVF, michoro inayotazama ukuta wa chini, pima V4 upande wa kulia.

Na upande mwingine: si kila ST iliyonyanyuka ni mshtuko. Vijana wetu wa kiume wenye afya wengi wanayo tangu zamani, na mtu wa presha ya miaka mingi mwenye moyo ulionenepa kuta anakuwa nayo pia. Hapo karatasi ya zamani ya mgonjwa ni dhahabu. Waambieni wagonjwa wa presha wakipimwa ECG wakiwa wazima waombe nakala, waiweke na kadi ya kliniki.

Troponini nayo ina saa zake. Kwa kipimo cha kawaida inaanza kuonekana saa tatu hadi sita tangu maumivu yaanze. Ukipima saa ya kwanza ikawa hasi, umepima mapema tu.

Dereva Masafa

Wakuu mimi ni dereva wa lori, huku kwenye magrupu ya WhatsApp kuna ujumbe unazunguka miaka sasa, kwamba ukiwa peke yako na moyo ukashtuka, kohoa kwa nguvu mfululizo mpaka ufike hospitali. Mwingine unasema unywe maji ya pilipili. Madereva wengi tunaamini hiyo ya kukohoa. Ni kweli?

Daktari wa Dharura

Kaka, si kweli, na nakuomba uwaambie wenzako. Hiyo ya kukohoa ilitoka mahali maalumu: mgonjwa yuko hospitalini amefungwa mashine, daktari anaona mapigo yamevurugika mbele ya macho yake na anamwambia akohoe kwa sekunde chache wakati dawa inaandaliwa. Haizibui mshipa wa moyo ulioziba. Na ya pilipili haina msingi wowote. Wewe ukibanwa kifua barabarani, egesha gari, washa taa za tahadhari, tafuna aspirini kama unayo na haikudhuru, piga simu na mwambie turnboi au mtu wa karibu akupeleke hospitali. Usijiambie utafika kwanza mizani. Ukizimia ukiwa na tani 30 nyuma yako, hutakuwa peke yako utakayepata madhara.

Binti wa Ubungo

Nina miaka 24, kifua kinanichoma upande wa kushoto, sekunde chache kinaacha, hasa nikiwa na mawazo. Nimesoma huu uzi nimeogopa.

Zamu ya Usiku (mleta uzi)

Dada, kinachochoma sekunde chache na kuacha, kwa umri wako, bila jasho wala pumzi kukata, mara chache sana ni mshtuko wa moyo. Lakini usibaki na hofu, nenda kituo cha afya kilicho karibu wakusikilize kifua na wakupime mara moja. Upande mmoja ukiendelea kuwaka kama moto, angalia ngozi pia, mkanda wa jeshi huanza kuuma siku kadhaa kabla ya vipele kutoka.

Nesi wa Wodi

Tabibu, swali kwako na kwa daktari. Tuko saa tano kutoka Dar, ambako Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete pale Muhimbili wanaweza kuzibua mshipa kwa waya. Tukimtambua, tumkimbize moja kwa moja?

Daktari wa Dharura

Hapana, dada, si moja kwa moja. Kama huwezi kumfikisha mezani kwao ndani ya saa mbili tangu umtambue, na ST imenyanyuka, na maumivu yana chini ya saa 12, anatakiwa apate dawa ya kuyeyusha bonge pale karibu kwanza kama haina kizuizi kwake, ndipo asafirishwe. Kwa hiyo kabla ya kuwasha gari, piga simu hospitali ya mkoa uulize: mna streptokinasi leo, iko kwenye jokofu, na nani yuko zamu? Dawa hiyo inafanya kazi vizuri zaidi saa tatu za mwanzo. Ipige picha karatasi ya ECG, ya pili pia, itume kwa daktari unayemjua huku mgonjwa akiwa bado kitandani. Na kwenye barua ya rufaa usiandike "maumivu ya kifua" tu. Andika saa maumivu yalipoanza.

Mfamasia wa Kata

Narudi kidogo. Yale maswali nimeyaandika kwenye kipande cha boksi nikakibandika ndani ya kaunta, upande wangu. Jioni hii amekuja mama kununua dawa ya gesi ya mume wake aliye nyumbani, fundi mwashi, miaka 51. Nikamuuliza mumewe anatoka jasho? Akanyamaza kidogo, akasema "nimemwacha binti anampepea." Nimempa aspirini nne ndogo, nimempigia simu kijana wa bajaji, wamempitia nyumbani wameondoka kwenda hospitali ya wilaya dakika 40 zilizopita. Sijapata jibu bado.

Zamu ya Usiku (mleta uzi)

Mpigie huyo kijana wa bajaji sasa hivi. Waambie wakifika getini wasiseme gesi. Waseme kifua, na waseme saa kilipoanza.